Ngeli ya Moyo

Granville, Jumamosi jioni, Machi 2018

Sikudhani,

Nimekasirika. Nimeona nianze na hilo, usije ukafikiri baba yako amelainika kwa kuwa kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Ujerumani. Sijalainika hata kidogo. Mama yako amepita hapa mezani mara mbili, akachungulia karatasi, akasema, "Mwandikie mtoto maneno mazuri, Baba Siku." Nikamjibu kwamba maneno mazuri yamekwisha humu ndani, yote umeyapeleka kwenye Kitaliano. Akacheka, akaenda kupima sanduku lako kwa mara ya nne.

Habari za koti, za dawa ya pumu na za kupiga simu ukifika, amekwisha kukuandikia yeye, kurasa tatu, na amezibandika kwenye kifuniko cha sanduku kwa ndani. Mimi sina maagizo. Nina hasira, na nina jambo moja la kukiri ambalo sijawahi kumwambia hata mama yako, na nimeona nikuandikie kwa sababu kusema nimeshindwa. Wiki tatu sasa hunisemeshi. Nikikuuliza umekula, "I'm fine, Dad." Nikikuuliza tiketi, "All good, Dad." Miaka kumi na minne nimekula mshahara wa ukalimani. Unadhani sijui "I'm fine" ni nini kwa Kiswahili?

Nianze na ukumbi wa Parramatta, maana ndiko tulikokwama wote wawili. Mwalimu wako wa sauti alikuandalia onyesho la kukuaga, nikafika nimevaa suti na tai, mlangoni nikapewa karatasi ya ratiba. Nikasoma jina la mwimbaji: Dani. Nikamwuliza mama aliyesimama pale, Dani ni nani? Akanishika bega: "Oh, she's wonderful, you'll love her." Nikaingia kuketi kumsubiri huyo Dani nimpende.

Jina lako ni Sikudhani. Madaktari wawili walimwambia mama yako hatazaa, na siku ulipolia kwa mara ya kwanza ndilo neno lililonitoka kinywani. Ukikata "Siku" unabaki na "dhani," na mtu anayedhani ni mtu asiye na hakika. Najua mwalimu wako hakukusudia ubaya, ulimi wake ni mzito. Najua pia kwamba wewe ndiye uliyemruhusu, ukiwa na miaka kumi na sita, na hukuniambia. Hilo lilinikalia kooni kuanzia wimbo wa kwanza. Kwa hiyo uliponitazama kutoka jukwaani na kuniona nimefunga mikono kifuani, sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nagombana na karatasi.

Ukaimba Kitaliano mara tatu, watu wakapiga makofi. Halafu ukasema kwa Kiingereza kwamba wimbo wa mwisho maneno yake umeandika mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani kwenu, na mpiga piano wako ndiye aliyeutungia muziki. Nikafungua mikono. Nakuapia, nilifungua mikono. Wewe uliyekuwa ukinijibu Kiingereza tangu ulipoanza shule ya hapa, hata nikikutukana kwa Kiswahili, leo unasimama mbele ya watu mia moja na kuimba kwa Kiswahili ulichokitunga peke yako. Ukavuta pumzi, ukaanza: "Moyo yangu, bado uko njiani."

Moyo yangu.

Ukalirudia. Ukalipandisha juu, ukalishikilia pale juu mpaka nikaona mshipa wa shingo yako. Moyo yaaangu. Kila ulivyoliremba ndivyo kosa lilivyozidi kukua, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo kwamba safari ijayo utasema "wangu." Hukusema. Ulikuwa umeliandika hivyo na umelifanyia mazoezi hivyo miezi miwili, chumbani mwako, ukuta mmoja na mimi, na hukuja hata siku moja kuniuliza.

Watu wakasimama kupiga makofi. Na mimi nikasimama, na katikati ya makofi yale nikapaza sauti: "Ni wangu! Moyo wangu! Moyo wangu!"

Sasa sikiliza kichekesho cha dunia hii. Ukiondoa wachache wa kanisani kwetu, ukumbi wote ule ulijaa watu wasiojua neno la Kiswahili zaidi ya jambo na safari, nao walishaambiwa kwenye ratiba kwamba maana yake ni "my heart." Wakafikiri baba mtu amezidiwa, anamwita mwanawe moyo wake. Mwalimu wako akaweka mkono kifuani. Bibi mmoja wa Kizungu mwenye mvi akanishika mkono, machozi yanamtoka, ananiambia "Bless you, bless you." Mama yako akaficha uso kwa mkoba. Na wewe, uliyejua barabara kwamba baba yako anasahihisha ngeli, uso wako ulizima pale pale kwenye taa zote zile.

Nilikufuata nyuma ya jukwaa kukueleza. Kukueleza nini? Kwamba moyo uko kwenye ngeli ya U-I, kwamba "yangu" ni ya mioyo, na wewe una mioyo mingapi? Ukanitazama, ukaniambia kwa Kiswahili, "Baba, umesikia ngeli. Mimi hukunisikia." Sentensi safi, haina kosa hata moja. Hiyo ndiyo iliyonikasirisha kuliko zote.

Nimejiuliza wiki tatu hizi ni mdudu gani aliyenisimamisha. Babu yako alikuwa mwalimu wa Kiswahili Muheza, na mkononi alikuwa na fimbo ya mpera. Nilisema "kitabu yangu" nikiwa na miaka saba, nikapata mbili. Nikasema "nguo kimechanika," nikapata nne, na nguo yenyewe ilikuwa suruali yangu, iliyochanika kwa fimbo za jana. Nilijifunza. Sijakosea tena. Nikaja nchi hii na mabegi mawili na Kiswahili kilichonyooka, na katika vyote nilivyovileta ni hicho tu ambacho hakuna mtu wa hapa aliyeweza kunifundisha upya. Shahada yangu waliikataa. Lafudhi yangu ya Kiingereza waliichezea. Kiswahili changu wakakipa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na simu ya kazi. Ndiyo maana hata kanisani Mount Druitt wananiita Mwalimu, na wala sijafundisha mtu. Wananiita hivyo kwa sababu nawasahihisha wakiwa kwenye sala.

Unakumbuka uliponipeleka kwenye opera mara ya kwanza, kule bandarini? Ulikuwa mwaka wako wa kwanza chuoni, ukapata tiketi za wanafunzi, viti vya juu kabisa. Nilikwenda kwa shingo upande, na nikarudi nyumbani shingo iko upande kwelikweli, maana saa tatu nzima nilikuwa nasoma yale maandishi ya tafsiri yanayomulikwa juu ya jukwaa. Ningefanyaje? Ni kazi yangu. Nilikuwa namkagua mwenzangu.

Pale kwenye tendo la pili, yule mama anamfukuza yule bwana. Anamwambia nenda. Basi, nikahesabu: aliimba "nenda" mara saba. Saba! Na kule juu maandishi yakasema "Nenda" mara moja, yakazimika. Nikakunong'oneza kwa nguvu kwamba huo ni wizi, kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi, huyu kampunja mama wa watu sita nzima. Mtu wa mbele akageuka. Ukanikanyaga mguu: "Dad, stop reading."

Kwenye treni ya kurudi nikalianzisha tena. Nikakuambia mchezo wenyewe ni wa wendawazimu, mtu anakufa huku anapanda noti, nani anakufa hivyo? Ukanisikiliza mpaka kituo cha Strathfield. Halafu ukaniambia jambo ambalo nililicheka usiku ule na sijaweza kulisahau. Ukasema, mchanganyiko wako ule ule wa siku zote, "Dad, ile nenda ya kwanza ni order. Ya tatu she's not sure. Ya saba anamwomba abaki. It's not the same word anymore, ndiyo maana huwezi kuitafsiri." Ukaniambia mdomo wa mtu unatamka kile anachotaka wenzake wakisikie, na zile fidla chini yake zinasema alichonacho rohoni, na kati ya hivyo viwili kuna pumzi ya mwimbaji, ambaye hana budi kuvibeba vyote bila kimoja kuangusha kingine. Ukasema ukiondoa muziki unabaki na mama mmoja mkorofi anamfukuza mtu. Ukiondoa maneno unabaki na huzuni isiyojua inamlilia nani. Nikakuambia, "Kwa hiyo umelipiwa ada ujifunze kusema nenda mara saba." Ukatazama dirishani.

Mpumbavu mkubwa mimi. Nilikuwa nalijua jambo lile kabla hujazaliwa. Bibi yako, mke wa mwalimu, mama wa Kianglikana mwenye kiti chake kanisani, alikuwa akisikia kuna arusi yenye taarabu Tanga mjini anapata dharura ya ghafla ya kwenda kumwona mgonjwa. Nilimsindikiza mara moja. Mwimbaji aliimba beti tatu bibi yako ametulia anatafuna ubani. Ubeti wa nne, uliozungumza habari za jirani mwenye macho ya kuazima, akainuka. Akajifunga kanga, akaenda mbele polepole, fidla zinalia, mkono juu na noti yake ya kumtuza mwimbaji, na macho hakumpa mwimbaji, alimpa mama mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa safu ya pili. Yule mama aliinama. Tukiwa njiani kurudi nikamwuliza ule wimbo ulitungwa kwa ajili yao? Akaniambia, "Wimbo ni wa wote, baba. Aliyeguswa ndiye mwenyewe." Nilipata somo lote la opera pale, bure, kabla ya kubalehe, nikaenda kulizika chini ya sarufi ya mume wake.

Sasa nifike kwenye lile la kukiri.

Ulikuwa ukiingia sekondari. Ukalimani wa ana kwa ana nilikuwa nimeuzoea, lakini kwenye kazi ya simu nilikuwa bado mgeni kiasi. Simu inalia, ofisa upande mmoja, mteja upande mwingine, mimi katikati jikoni kwetu na kalamu. Hakuna anayemwona mwenzake. Siku hiyo mteja alikuwa Mkongo, amefika nchini karibuni, na ofisa alikuwa akijaza fomu ya ndugu waliobaki nyuma. Akamwuliza, ni nani umemwacha? Yule bwana akasema: "Bibi yangu. Bibi yangu alibakia kule kambi. Siko nalala, Papa. Niko naita jina yake mpaka asubui."

Nikatafsiri: my grandmother.

Umeelewa? Kwetu sisi, bibi ni mama wa mama yako au wa baba yako. Kwao bibi ni mke. Hata Mkenya angejua. Ilibidi apatikane Mtanzania, tena Mtanzania mtoto wa mwalimu, ili kosa lile liwezekane. Na usiniambie sikuwa na njia ya kujua. Kwani sisemi bibi arusi? Sisemi bwana na bibi? Neno lilikuwa limesimama mlangoni kwangu na maana zake zote mbili, nikachagua ile ya darasani.

Lakini si neno lililoniuma miaka yote hii. Ni sauti. Mwanangu, ile sauti! Aliposema "bibi" ya pili alilivuta lile neno likakatika katikati, akalimalizia kwa pumzi tu. Mtu hamlilii bibi yake namna ile. Nilisikia. Nakuandikia hapa kwa mkono wangu kwamba nilisikia, na nikawaza, kwa maneno haya haya, "Huyu naye anamlilia bibi yake kama mke." Niliwaza hivyo! Nilikuwa nimeshika jibu mkononi. Kanuni ya kazi inaniruhusu kusimamisha mazungumzo na kumwuliza mteja, samahani, bibi gani? Sekunde tano. Sikuuliza. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshamsikia anasema "jina yake" na "kule kambi," na nikajiambia mimi siwezi kumwuliza mtu wa namna hii maana ya neno la Kiswahili. Fimbo ya mpera ilikuwa mkononi mwangu, nampiga mtu nisiyemwona.

Ofisa akaandika bibi mzaa mama au baba, akamweka kwenye safu ya ndugu wa mbali, tukaagana. Nikaenda kukuchukua shuleni.

Miaka minne baadaye, kwenye ibada ya Kiswahili ya Mount Druitt, ile ya Jumapili mchana kwenye ukumbi wa shule, Papa Byamungu alisimama kutoa ushuhuda. Unamjua, yule mrefu wa ghala la matairi, ambaye mkewe alikupa kitenge ulipomaliza shule. Siku hiyo ndiyo mkewe, Mama Faida, alikuwa amefika kutoka kambini. Akamshika mkono mbele ya kanisa, akasema: "Wandugu, walikatala bibi yangu miaka ine. Karatasi ilisema niliacha koko. Walikuwa naniuliza, kama uliacha koko, huyu mwanamuke ni nani?" Watu wakacheka na kushangilia, maana koko kwao ndiye mama wa mzazi. Halafu akasema tena "bibi yangu," likakatika pale pale lilipokatika kwenye simu.

Sikuwa nimewahi kuuona uso wake kabla ya kumzoea kanisani. Jina la mteja sikulishika, kwenye simu majina ni namba. Nilimjua kwa sauti, mwaka mzima baada ya kuwa nampa mkono kila Jumapili na kumwambia kwa utani, "Papa Byamungu, si mwanamuke, ni mwanamke." Wewe ulikuwa kwenye kwaya siku ile, mbele kabisa. Mliimba. Na mimi nikaimba, Sikudhani. Nilifungua kitabu nikaimba sauti ya nne mpaka ubeti wa mwisho, nikaenda kunywa chai. Nikanyamaza miaka mitatu.

Kwa hiyo ule usiku wa Parramatta, wakati mama yako amekwenda kukutafuta, nilisimama kwenye maegesho peke yangu na hasira yangu, na ni nani akanijia? Papa Byamungu na suti yake ya bluu. Macho mekundu. Akaniambia, "Mwalimu, ule mutoto ameniimba mimi. Kwetu moyo ni yangu. Usimukasirikie." Akaniacha na hilo. Yeye hakuwa amesikia kosa, maana kwao si kosa. Alisikia mtu ambaye moyo wake uko njiani, akaja kunitetea mtoto wangu mbele yangu. Mtu yule, kati ya watu wote.

Hasira yangu ilikuwa imekuelekea wewe. Ikageuka ikanikuta nimesimama.

Leo asubuhi, ulipokuwa ukifungasha, sikwenda kununua adapta ya umeme kama nilivyosema. Adapta haipo, mwambie mama yako asiitafute. Nilikwenda Mount Druitt. Walikuwa wote wawili nyumbani, Mama Faida anachambua sombe, kile sisi tunachokiita kisamvu. Nikakaa, nikawaambia kila kitu, kuanzia simu mpaka sauti ya nne. Sikutumia maneno makubwa, na nilipoanza kusema "kwa mujibu wa taratibu" nikajizuia mwenyewe.

Mama Faida aliacha sombe. Akasema, "Miaka ine. Juu ya neno moya?" Nikasema ndiyo. Akasimama mbele yangu: "Niangalie. Mimi ni koko? Mimi ni koko ya nani?" Alikuwa akipaza sauti, halafu akapaza zaidi, halafu sauti ikamwishia akawa anauliza kwa midomo tu, koko ya nani, koko ya nani, na kila safari halikuwa swali lile la mwanzo. Nilihesabu bila kutaka. Sikuwa na maandishi ya tafsiri juu ya ukuta ya kunisaidia. Akaingia chumbani akafunga mlango, na mpaka naondoka hakutoka. Sijasamehewa, usije ukasikia vingine. Sikwenda kule kusamehewa, au tuseme nilikwenda, na sikupata.

Papa Byamungu akanisindikiza mpaka kwenye gari. Akaniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ile siku, ulisikia sauti yangu, ao hapana?"

Nikamwambia nilisikia.

"Sasa juu ya nini haukuuliza?"

Akageuka akaingia ndani. Nilikaa kwenye gari mpaka dirisha likaingia ukungu. Na pale ndipo nilipokumbuka siku ulipotuambia umepata nafasi ya kuimba Ujerumani. Ulikuwa umesimama karibu na friji, barua mkononi, unacheka. Nikakuambia nenda. Nikasema, nenda, kwani nani amekushika? Nenda! Nenda kawaimbie Wajerumani. Mama yako akaniambia nyamaza, nikasema mwache aende. Uliondoka jikoni ukalia, nami nikaona nimeshinda.

Hukunisikia na wewe! Ndiyo, nasema kwa hasira kwa sababu nina hasira. Wewe uliyenifundisha kwenye treni kwamba nenda ya kwanza si sawa na ya mwisho, wewe mwenye sikio linalokamata fidla moja kati ya ishirini, ulisimama jikoni kwako ukamsoma baba yako kama yale maandishi ya juu ya jukwaa. Nilisema nenda mara nne. Ulitafsiri moja. Umerithi kwangu, nisikudanganye. Lakini mimi nimepata kazi hii kwa fimbo, na wewe umesomea. Kwa hiyo kesho ukisimama mbele ya mtu huko, mwimbaji mwenzako au mwalimu au mwanamume, akakuambia neno na sauti yake ikakuambia lingine, simamisha. Uliza, bibi gani? Uonekane mjinga sekunde tano. Mimi nilikataa kuonekana mjinga sekunde tano, na mtu akalala peke yake kambini miaka minne.

Nasikia geti. Umerudi. Unaongea na mama yako barazani, Kiingereza, sauti imechoka, unamwambia uko sawa. Hupo sawa. Nasikia.

Sitatoka sasa hivi, maana nikitoka nitasema jambo la kijinga kuhusu saa uliyorudi. Nitakupeleka mwenyewe uwanjani asubuhi, na kwenye gari tutanyamaza kama kawaida yetu, na barua hii utaikuta mkobani ukishavuka pale ambapo siwezi kukufuata. Isome kwa sauti. Mimi si mtu wa muziki, nimekuandikia maneno matupu, fidla utaweka mwenyewe.

Nenda, Sikudhani. Nenda. Nenda basi. Nenda ukaimbe na jina lako zima, wang'oke meno kulitamka. Nenda, mama. Nenda.

Nenda, moyo yangu.

Na usithubutu kunisahihisha.

Baba